Mashine Iliyosema Hakuna Diski

Asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida ilikuwa Ijumaa. Jumapili mke wangu Ferista alishikwa na kichwa akiwa kanisani, Jumatano tukamzika. Ijumaa ile tulikunywa chai kwa viazi vitamu, kama siku zote.

Alikuwa fundi wa kompyuta kwenye chama cha wakulima wa kahawa, Mlowo. Aliingia pale kupiga chapa, miaka ya taipureta. Zilipokuja kompyuta wenzake waliziogopa, yeye akazifungua. Mimi shule sikusoma. Mambo ya mashine nayasema kama alivyonisimulia.

Wiki hiyo zililetwa mashine kubwa mbili, za kutunza kumbukumbu za wakulima. Mfumo wa mashine hizo hauwekwi kwa mkono. Unafungwa kama kifurushi kwenye mashine ya zamani, na mpya ikiwashwa inauvuta kwa waya, inajiwekea yenyewe. Unakaa kwenye diski. Ferista alifunga diski nne katika kila mashine, akawasha. Zote mbili ziligoma mahali pamoja: hakuna diski.

Meneja wake, Deus, alimwambia ameziharibu wakati wa kuzifunga. Jumatatu zirudishwe Dar, naye aandike barua ya kukiri. Alikuwa amebakiza miezi minne kustaafu.

"Diski ni nzima," aliniambia akimenya kiazi. "Mashine ikiamka inazihesabu, nne. Kifurushi kikianza kazi, kinasema hakuna. Kinataka draiva, kile kiprogramu cha kukijulisha kwa kadi inayozishika. Nimeiweka tangu juzi. Bado kinakana."

"Kama baba yako," nikasema.

"Umeanza."

"Si alinikana? Nimesimama uani kwenu na koti la kuazima, ananiambia hapa hakuna binti."

"Ulikuja bila mshenga. Ulitaka uambiwe karibu, mchukue?"

"Mshenga nilikuwa naye. Baba mdogo Yonathani. Alikuwa nyuma, kwenye kona, kiatu kimekatika."

"Nyuma," akasema. Akaweka kiazi chini. "Kwa hiyo alifika baadaye."

"Alifika nimeshafukuzwa."

Akaondoka, chai haijaisha.

Jioni alirudi polepole, mkoba begani. Akakaa kwenye kigoda, akavua viatu, akanieleza.

Kumbe kifurushi kina sehemu mbili. Kuna kamfumo kadogo kanakotangulia kupiga hodi na kutafuta diski, ndipo mfumo wenyewe unafuata. Draiva alikuwa ameiweka kwenye huo unaofuata. Kadogo kalifika mlangoni peke yake, kakaambiwa hakuna. Akaiweka draiva kwenye hako kadogo, akawasha upya. Diski nne. Mashine ya pili, nne. Deus alisimama nyuma yake mpaka mfumo ukaisha kuingia, akasema barua basi.

"Amekuomba radhi?"

"Amesema, 'Shikamoo, mama.' Asubuhi hakuniamkia."

Tukacheka.

Nikamwambia jambo ambalo sikuwahi kumwambia. Siku ile kwao nilimwamini baba yake. Nilirudi nyumbani nikijua kweli hayupo, labda wamempeleka kwa shangazi yake Isongole. Wiki ya pili nilikwenda tena, Yonathani mbele, kwa sababu yeye alinilazimisha. Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa.

Akasema hivi:

"Nilikuwepo jikoni, Baba Rozi. Nilikuwa nakusikia."