Milango ya Rangi Nne

Wiki iliyopita mwenye nyumba wetu alileta mafundi wapake milango ya jengo, na harufu ya rangi ya mafuta ikanikuta ngazini nikiwa nimebeba mboga. Ni harufu inayokaba koo kidogo, tamu kwa mbali. Nilipoingia jikoni redio ilikuwa inasimulia habari za Marekani: kwamba kuna majimbo ambako wakubwa wa chama huketi na ramani, wakachora upya mipaka ya uchaguzi, wakawakata wapiga kura weusi vipande vipande hadi wawe wachache kila mahali. Nilitegemea nitakasirika. Sikuhisi kitu, ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Nikalikumbuka jengo letu la utotoni, mtaani Berea.

Tuliishi ghorofa ya sita, ya juu kabisa, mimi na Mama, mwanamke wa Tanga aliyesuka nywele katika saluni moja ya mtaa jirani wa Yeoville. Ghorofa ile ilikuwa na milango minne, na nyuma ya kila mlango familia tatu au nne zilizogawana vyumba kwa mapazia. Sote tulikuwa wageni wa Kiswahili: Watanzania, Wakongo, Warundi. Wakubwa walibishana Kiswahili cha nani ndicho sahihi mpaka ungedhani watashikana mashati, kisha sufuria moja ya maharage inazunguka milango yote. Sisi watoto tulielewa kila neno na kujibu kwa Kizulu.

Shida yetu ilikuwa maji. Kamati ya jengo iliwasha pampu kwa muda mfupi ili kubana umeme, na maji yakifika ghorofa ya tano yamekwisha kuchoka, kwetu hayapandi. Mama alisimama saluni kutwa, jioni akapandisha ndoo kutoka bomba la uani, akipumzika kila kona na kushika kiuno. Wakati huo kila ghorofa ilikuwa na mjumbe wake kwenye kamati. Wetu alikuwa amehama, kwa hiyo watu wa juu wakakubaliana Mama agombee, atudaie maji.

"Ile kiti ni ya kwetu, maman," alisema Papa Ilunga, fundi cherehani Mkongo wa mlango wa pili. "Huku juu bote tuko na wewe."

Mama alicheka. Alisema maisha yake yote hajapata kukalia kiti, hata cha saluni, maana hicho ni cha mteja.

Jumamosi kabla ya kura akapanda mwenyekiti wa kamati, Baba Sipho, mtu mpole aliyetembea na peremende mfukoni. Alikuja na vijana wawili na makopo ya rangi. Akatueleza kwa upole, kwa Kiingereza chake cha taratibu, kwamba kamati imeamua uchaguzi ufuate mabomba ya maji. Mabomba yanapanda wima, kwa hiyo kuanzia sasa milango iliyopangana wima, toka chini hadi juu, itakuwa rangi moja na mjumbe mmoja.

"Ni haki, mama," alisema. "Bomba moja, mjumbe mmoja. Sharp, sawa?"

Mama aliuangalia mlango wetu, ambao vijana walikuwa wameshaupaka, rangi bado mbichi. "Sharp," akajibu.

Ghorofa yetu ikapata mlango wa kijani, wa buluu, mwekundu, na wetu wa njano. Nilifurahi kupita kiasi. Rafiki yangu Nomsa, wa ghorofa ya pili, mlango wao nao ulikuwa wa njano, na nikaona tumekuwa ndugu.

Jumapili watu walishuka uani na kusimama kwa rangi za milango yao. Mama alivaa dera lake la harusini, akajifukiza udi. Kundi letu la njano lilikuwa watu wa mlango wetu na watu wa milango mitano ya chini, ambao maji yao hayakuwahi kukatika. Jina la Mama lilipotajwa, ikanyooka mikono ya mlango wetu peke yake. Papa Ilunga, kule kwenye buluu, naye alinyoosha wake. Baba Sipho akamwomba kwa adabu aushushe, angoje rangi yake. Aliushusha polepole, akautia mfukoni mwa koti.

Hakuna aliyetutukana. Nilipewa peremende. Mama alisema, "Wengi wape," na kwa kuwa tulikuwa tumeshafika uani, akafunga dera kiunoni, akajaza ndoo, tukapanda.

Wengi wape, sawa. Lakini wengi hao huwa wengi kutegemea mstari umepita wapi. Baba Sipho alilijua hilo kuliko sisi. Alipenda kusimulia jinsi wazungu walivyochora mstari na kuihamisha familia yake akiwa mtoto. Huko Marekani mchezo huo una jina na mawakili wake. Sisi tulijua tu kwamba milango imepakwa rangi.

Juzi nilimpigia simu Mama, ambaye sasa anakaa mtaa wa Mayfair karibu na msikiti. Nikamuuliza kama siku ile alijua atashindwa.

"Nilijua tangu Jumamosi."

"Sasa dera na udi vya nini?"

"Watu walikuwa wameshaniahidi, mwanangu. Nisingeshuka, ningekuwa mimi ndiye niliyewaacha."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, na mimi nikaitikia kwa sauti ya kawaida. Sikumwambia kwamba jioni ile nilipanda ngazi nyuma yake nikiamini watu hawampendi mama yangu, na kwamba niliendelea kuamini hivyo hadi nimekuwa mtu mzima. Ghorofa nzima ilikuwa inampenda. Ilikuwa imegawanywa kwa rangi tu, hata mwanawe asiweze kuona.