Glavu Jikoni kwa Mama Mkwe

Tone la damu lilikuwa dogo kama kichwa cha pini, lakini lilikaa katikati ya kola nyeupe, na mwenye shati alikuwa amesimama mbele yangu kwenye kibanda changu cha kushonea nguo pale Mwanjelwa. Aliliangalia tone, akaangalia vidole vyangu, kisha akalichukua shati lake kwa ncha za vidole. "Dada, jitibu kwanza," akasema, akaenda zake. Shati lenyewe lilikuwa bado halina vifungo.

Nilitaka nimfuate nimpe vidonge vyake. Mimi hasira zangu ziko puani, wanaonijua wanajua. Lakini ningemwambia nini? Vidole vilikuwa vimepasuka kweli, kwenye maungio yote, na ngozi ya viganja ilikuwa ngumu na kavu, inawasha mpaka natamani kuisugua kwenye ukuta wa tofali. Nilikaa kwenye stuli yangu nikalia, halafu nikafuta machozi kwa kiwiko, maana machozi yenyewe yakigusa mkono yanachoma.

Ni pumu ya ngozi. Nimekuwa nayo tangu utotoni, nyuma ya magoti na kwenye mikunjo ya viwiko, inakuja na kuondoka. Ukubwani ikahamia viganjani, na kila kipupwe kikiingia Mbeya ndipo inaponitesa zaidi. Daktari aliniambia haiambukizi, na kwamba ni ya kuishi nayo, akanipa dawa ya tyubu ya kupaka kwa muda mfupi. Ilinisaidia. Ilipoisha nikawa najinunulia mwenyewe duka la dawa, najipaka asubuhi na jioni kama losheni, mpaka ngozi ikawa nyepesi na mishipa inaonekana. Niliporudi, daktari alinigombeza. Akasema dawa ile ni ya kuzima moto, na mimi kila siku nauwasha upya. Niende nikatafute kinachouwasha.

Basi nikajifunga kibwebwe. Kazi yangu ni mikono. Fundi asiyeweza kushika kitambaa cheupe atashona nini, magunia?

Washauri hawakukosekana. Mwanjelwa kila mtu ni daktari. Mama wa kibanda cha jirani alinipa limau na chumvi, akaapa kwamba shangazi yake alipona kwa hilo. Nilijaribu. Sitaki hata kukumbuka; niliruka mpaka muuza viazi wa ng'ambo ya barabara akaja kuuliza kama pasi imeniunguza. Mwingine akaleta majani ya mwarobaini, mwingine shubiri, mwingine akasema dawa yake ni mafuta ya taa. Huyo wa mafuta ya taa nilimfukuza. Nikaona nikifuata kila mdomo nitabaki bila ngozi. Nikaamua nabadilisha kitu kimoja, nakaa nacho, nakiangalia, ndipo nagusa kingine.

Nilianza na maji. Mbeya asubuhi ya baridi mtu anaoga maji ya moto yanayotoa mvuke, ndiyo raha pekee iliyopo saa hizo. Nikayaacha. Nikawa naoga ya uvuguvugu, haraka haraka, meno yanagongana. Muwasho ukapungua kidogo. Nikaacha sabuni ya unga na sabuni za kunukia, nikabaki na kipande kisicho na harufu. Kisha mafuta. Nilikuwa najipaka mikono ikishakauka kabisa. Nikaja kugundua kwamba nikiipaka ikiwa bado na umajimaji, mafuta ya mgando ya kawaida, yale yasiyo na manukato, ngozi inakaa laini mpaka mchana. Nilicheka peke yangu, maana kopo lilikuwa kabatini miaka yote. Nikagundua pia kwamba sweta langu la sufu, mtumba mzuri niliouokota kwenye gulio la Uyole, ndilo lililokuwa linanikwaruza vifundo vya mikono. Sikulitupa, nalipenda. Nilishona mikono mirefu ya pamba nikawa naivaa ndani yake.

Na kwa kuwa ni fundi, nikachukua shuka kuukuu la pamba nikajishonea glavu. Napaka mafuta tele, navaa, nalala. Mara ya kwanza mume wangu aliniangalia weee, akasema, "Kumbe nilioa golikipa." Nikamwambia akae mbali na goli. Glavu nyingine za pamba nikawa nazivaa ndani ya glavu za mpira wakati wa kuosha vyombo na kufua, maana mpira peke yake unatoa jasho, na jasho linawasha. Kidogo kidogo mipasuko ikafunga. Ilikuwa kazi ya kila siku, kama kufagia; ukiacha siku moja unaona. Lakini nilishika tena kitambaa cheupe.

Hapo ndipo mama mkwe alipopiga simu kutoka Kihesa, Iringa. Mjukuu wake, mtoto wa wifi yangu, anapata kipaimara, na yeye anataka gauni nilishone mimi. Kabla sijafurahi vizuri, nikaona ujumbe wa wifi kwenye grupu la familia: kwa nini gauni lisipelekwe kwa fundi wa Iringa mjini, mikono yangu inajulikana, mtoto asije akaambukizwa, na gauni lenyewe ni jeupe. Kisha mama mkwe, ambaye huwa haandiki chochote humo, akatuma sauti: "Mke wa mwanangu ndiye atakayeshona. Nimemaliza."

Nikaisikiliza sauti ile tena na tena. Alikuwa ameweka neno lake juu ya vidole vyangu, mbele ya ukoo mzima. Tone moja tu kwenye satini ya gauni lile, na yeye angeaibika pamoja nami.

Gauni nilikata na kuunga Mbeya. Lesi ya shingoni, shanga na pindo vilitakiwa kushonwa kwa mkono baada ya mtoto kulijaribu mwilini, kwa hiyo nikafika Kihesa Alhamisi, kipaimara ni Jumapili. Nyumba ilishajaa watu. Nikapiga goti, "Kamwene, mama," tukasalimiana, nikapewa chai. Chai ilipokwisha nikaenda nyuma ya nyumba kwenye vyombo, maana mke aliyeolewa hapo hasubiri kuelekezwa. Nikatoa glavu zangu, za pamba ndani, za mpira wa njano juu, nikaanza kusugua masufuria.

Kimya kilianzia kwa shangazi wa mume wangu, kikaenda mpaka jikoni. Mimi nilikuwa sijafikiria kabisa. Nyumbani kwangu Mbeya nani ananiangalia? Lakini hapa walichokiona ni mke wa mwana anayeshika vyombo vya wakwe zake kama mtu anayeshika uchafu. Wifi akasema, si kwa sauti kubwa, ila nisikie: "Anatuonea kinyaa." Mama mkwe akatoka mlangoni, akaangalia mikono yangu ya njano. "Mwanangu," akasema, "vyombo vyetu vina nini?"

Ningesema pale pale. Badala yake niliona aibu, nikavua glavu, nikasema, "Havina kitu, mama," nikaosha kwa mikono mitupu. Maji ya moto, sabuni ya unga, majivu kwa masufuria yenye masizi. Vyombo vya nyumba ya sherehe haviishi. Wote wakachangamka, mazungumzo yakarudi, na mimi nikawa mkwe mwema. Jioni mikono iliwaka. Kulipokucha Ijumaa, gumba na kidole cha shahada, vile vinavyoshika sindano, vilikuwa vimepasuka.

Nilijaribu sindano kwenye kipande cha satini kilichobaki. Damu. Nikapaka mafuta, nikajaribu tena; mafuta yakaacha alama, maana satini na mafuta haviivi chungu kimoja. Nilijikasirikia mwenyewe, nikamkasirikia wifi, nikayakasirikia hata majivu. Halafu nikasema basi. Nimehangaika na mikono hii mwaka mzima, siwezi kuitoa kafara kwa ajili ya masufuria.

Nikamfuata mama mkwe pale alipokuwa anamenya viazi pamoja na wenzake. Nikapiga goti, adabu ni adabu, lakini maneno sikuyapunguza. "Mama, jana uliniuliza, sikukujibu. Vyombo havina kitu. Mikono yangu ndiyo inaumwa. Ni pumu ya ngozi, haimwambukizi mtu, ila sabuni na maji ya moto vinaipasua. Nikiosha bila glavu, gauni la mjukuu wako litaingia damu. Nikivaa glavu, mtasema nawaonea kinyaa. Nichagulie wewe, mama, lakini gauni nataka kulishona."

Akaniambia nilete mikono. Akaigeuza viganja juu, akapitisha kidole chake kigumu juu ya mpasuko, nikavuta pumzi. "Ungesema jana," akasema. Basi. Akaniachia, akaendelea na viazi vyake, na mimi nikarudi chumbani bila kujua nimehukumiwa vipi.

Siku ile nzima nilikaa na mafuta na glavu za pamba, sikugusa maji, na hakuna aliyeniita. Hilo lilinitisha kuliko kama wangenisema. Jumamosi asubuhi mipasuko ilikuwa imelainika, imeanza kufunga. Nikafuta mafuta yote, nikazungushia plasta kwenye vile vidole viwili, nikachukua gauni na sindano, nikatoka nje kutafuta mwanga.

Mama mkwe alikuwa kwenye vyombo. Ameketi kwenye kigoda, kanga ameikunja magotini, mikono imezama kwenye karai, na amevaa glavu zangu za njano. Mama mkwe anaosha vyombo na mke wa mwanawe amesimama, kitu hicho sijawahi kukiona katika nyumba yoyote. Shangazi na wifi walikuwa pembeni wanapangusa sahani, macho chini. Nilitaka kulikimbilia lile karai. Hakuinua hata kichwa. "Zinateleza hizi," akasema, "lakini zinafaa. Kaa pale kwenye jua ushone."

Nikakaa pale kwenye jua nikashona. Nikashona mpaka jua likazunguka nyumba, shanga moja moja, nikikagua kitambaa kila nilipovuta uzi.

Jumapili, kabla mtoto hajavaa, wifi alilichukua gauni, akaligeuza ndani nje, akalisogeza dirishani, akapekua pindo lote. Nilimwacha apekue. Alipomaliza akalikung'uta, akasema, "Wifi, ni jeupe kabisa." Nikamwambia, "Mvalishe mtoto, tutachelewa."

Tuliporudi kutoka kanisani watu walikula, wakalisifu gauni, na vyombo vikarundikana. Nikaenda nyuma ya nyumba nikavaa glavu zangu, za pamba, kisha za mpira. Mgeni mmoja, mama wa makamo ambaye hakuwa na habari, akaguna. "Mkwe gani huyu anaosha vyombo vya wakwe na glavu?"

Mama mkwe alikuwa ameketi karibu, amenyoosha miguu, amechoka. "Hiyo mikono ndiyo iliyoshona gauni mnalolisifu tangu asubuhi," akasema. "Wewe ambaye yako haiumi, karibu. Beseni la kusuuzia ni lile pale."

Yule mama akavua viatu vyake vya kanisani, akaja kusuuza.