Akaunti ya Rosa nimeifungua leo

Jamani, leo nimeungama, na nimechelewa.

Daktari anasema siku zangu ni chache. Kwa hiyo asubuhi niliketi kwenye kompyuta yetu hapa mtaani Lucky Summer, nipange akaunti za watumiaji.

Ziko mbili tu. Yangu, na ya marehemu mke wangu, Rosa.

Yake niliifunga mwenyewe tulipokosana. Amri moja: usermod -L rosa. Kuanzia hapo nywila yake ikawa inakataliwa. Nikamwambia mashine ni mbovu.

(Na mimi ndiye mwalimu wa kompyuta!)

Hasira iliisha. Aibu ya kusema ukweli haikuisha.

Leo nimeifungua, kisha nikampigia binti yetu Atieno, nikamweleza yote.

"Aki Baba, Mama alijua. Si alikuona ukiingia kwa yako, mashine hiyo hiyo?"

"Mbona hakuniuliza?"

"Alisema, 'Mwache mwalimu. Akitulia ataifungua.'"

Atieno anasema kila Jumapili alijaribu nywila yake, mpaka alipolazwa.

Sasa skrini inaiomba. Ningeweza kuweka mpya, ni amri moja tu. Siwezi. Nataka ile yake, na hakuna aliyeachiwa.

Mngekuwa ninyi, mngeandika nini hapo?