Redio Aliyonifungia Baba

Kampuni za watu binafsi ziliporuhusiwa kununua pamba, niliacha ukarani wangu kwenye chama cha ushirika, ambako siku hizo tulikuwa tunashinda tukitazamana tu, nikaajiriwa na mfanyabiashara wa Kihindi aliyefungua kiwanda cha kuchambua pamba Mkuyuni, Mwanza. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vituo vya kununulia, Maswa mpaka Meatu, kukagua kama pamba ni safi na kavu. Nilipewa Landrova kuukuu, nikaambiwa nitaendesha mwenyewe.

"Tafuta redio ya upepo, ya kuongea na kiwanda, uifunge kabla ya msimu," tajiri aliniambia. "Gari likikufia porini huko, nani atajua?"

Sikujua lolote kuhusu redio. Baba ndiye aliyejua. Zaidi ya miaka ishirini alikaa kwenye chumba cha redio bandarini, vifaa vya kusikilizia masikioni, akiongea na meli za ziwani, hadi walipopunguza wafanyakazi naye akawamo. Mama alikwisha kufariki. Baba aliishi peke yake Kirumba, katika nyumba ya vyumba viwili iliyoegemea mwamba, nami nilimtembelea Jumapili moja moja. Tulikuwa tukikaa, tunakunywa chai, tunasema habari za mvua, halafu naaga. Sikuwa na mke wala mtoto wa kumpelekea amwone.

Nilipomwambia habari ya redio alivaa shati lake la kazini, lile jeupe la mikono mifupi, tukaenda mjini Nyamagana kwenye duka la vyombo vya umeme. Mwenye duka, mzee wa Kihindi aliyekuwa akifahamiana na baba tangu bandarini, alituwekea redio mbili juu ya kaunta. Moja mpya, ndogo, nyepesi. Nyingine nzito kama tofali, imetolewa kwenye gari la misheni, rangi imechubuka pembeni.

"Chukua hii mpya," mwenye duka alisema. "Haili betri, na sauti yake inafika mbali."

Baba aliifungua kifuniko cha nyuma, akaitazama muda mrefu, akaifunga. "Mtu mwenye redio ya kawaida nyumbani akikamata masafa ya hii, anasikia nini?"

"Anasikia bata," mwenye duka akacheka. "Kwa-kwa-kwa tu."

"Na ile?"

"Ile ina swichi. Ukiigeuzia huku, mwenye redio ya kawaida anakusikia kama anavyosikia taarifa ya habari. Lakini nguvu yake inapungua."

"Tunachukua ile," baba alisema.

Tulipotoka nilimuuliza kwa nini ameacha kitu kipya. Alinitazama kwanza, kisha akageukia barabara kusubiri gari lipite. "Nina redio yangu nyumbani," alisema. "Kujibu sitaweza. Lakini nitakuwa nakusikia."

Tuliifunga kwa siku mbili katika uwanja wa kiwanda. Baba hakukubali waya wa umeme uunganishwe na swichi ya gari. Aliupitisha kutoka kwenye betri yenyewe, akaweka fyuzi karibu na betri, na pale waya ulipopenya kuingia ndani akauvalisha mpira ili bati lisiukate. Antena aliifunga kwenye bampa la mbele. Kisha akanipa msasa nikwangue rangi kwenye chesisi mpaka chuma kitoe mng'aro, ndipo akakaza waya wa ethi. "Hapa pakiwa na rangi au kutu, utaongea na vumbi," alisema. Injini ilipowashwa redio ikaanza kupiga mluzi, ukipanda na kushuka kadiri nilivyokanyaga mafuta. Baba alifunga kifaa fulani karibu na dinamo, akarudi, akaniuliza, "Sasa unasikiaje?" Nikamwambia mluzi umepungua. Akahamisha waya. "Na sasa?" Nilijua ananifundisha kusikiliza, nikafurahi. Hakuwa amewahi kunifundisha kitu kwa uvumilivu namna ile.

Msimu ulianza. Nilikuwa Gari Sita. Kila siku saa kumi jioni dada aliyekaa kwenye redio pale kiwandani aliita magari kwa zamu, nasi tulijibu tuko wapi na tumekagua magunia mangapi. Zamu yangu ilipofika nilimaliza ya kazi kwanza, halafu nikageuza swichi na kuongeza maneno mawili matatu.

"Sauti yako imeenda mbali, Sita," dada alizoea kulalamika. "Rudia, ova."

"Nasema Sita yuko salama, amekula, tairi zote nzima. Ova."

Hayo hayakuwa ya kiwanda. Kule nilikokuwa unaweza kuendesha saa tatu kwenye udongo mweusi usikutane na mtu ila ng'ombe na mchungaji aliye mbali. Nililala kwenye maghala ya pamba. Watu wa vituoni walinikaribisha vizuri, ila mkaguzi ni mkaguzi. Nikikaribia mazungumzo yanakatika. Basi siku nzima nilikuwa napanga kichwani nitakachosema saa kumi. Nikasema mambo ambayo mezani kwa baba nisingeyasema. Kwamba nimeona ugali unapikwa kama alivyoupika mama. Kwamba kazi hii naipenda lakini jioni zinanishinda. Magari mengine yalisikia, sikujali. Mwezi wa nane malaria ilinilaza siku nne Maswa, na siku ya tano nilisema hewani, "Sita aliugua, sasa anasimama. Asiwe na wasiwasi."

Niliporudi Mwanza mwisho wa msimu nilikwenda moja kwa moja Kirumba. Baba alinitazama, akanishika mkono juu ya kiwiko.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona umekonda hivi?"

"Si ile malaria."

"Malaria gani?"

Nikadhani amesahau. Nikamtajia maneno yenyewe niliyosema. Aliinama akaanza kupanga vikombe ambavyo vilikuwa vimepangwa tayari. Saa kumi ilikuwa imekaribia. Niliwasha redio yake, ile iliyounganishwa na waya uliopanda hadi juu ya mwamba, nikaongeza sauti. Ule mvumo wa masafa matupu ulijaa chumbani hadi nikakunja uso. Baba alikuwa amenipa mgongo na hakugeuka. Nilimwita, sikupiga kelele, kwa sauti ya kawaida. Hakugeuka.

Nilipomgusa bega aliona uso wangu, akaelewa. Alikaa.

"Sikio la kulia lilikufa bandarini," alisema. "La kushoto limefuata mwaka huu. Nikiangalia midomo ya mtu naelewa."

"Sasa saa kumi ulikuwa unafanya nini?"

Alinionyesha kitaa chekundu, kidogo kama punje ya mtama, kando ya namba za masafa. "Kinawaka redio inapokamata kituo. Hao wengine wakiongea kinapepesa tu. Wewe ukigeuza swichi na kubonyeza kitufe kinatulia, hata kabla hujasema neno. Nilikuwa nakaa hapa. Kikiwaka, najua ni wewe. Kikizimika, najua umemaliza."

"Ungeniambia, baba."

"Ungeacha kuongea."

Nilihisi huenda ni kweli. Tulikunywa chai. Nilipandisha kinywa changu usawa wa macho yake, nikamsimulia msimu wote upya, taratibu, lakini yale ya mama na ya jioni zangu niliyaruka. Uso kwa uso hayakutoka.

Msimu uliofuata nilirudi kule kule na gari lile lile. Saa kumi nilitoa taarifa ya kazi, nikageuza swichi, nikabonyeza kitufe na kukaa kimya nikihesabu moyoni mpaka thelathini.

"Sita, sikupati. Una ujumbe? Ova."

"Sina. Ova," nilimjibu dada.

Baadaye kiwanda kilifungwa na Landrova ikauzwa na redio yake ndani. Baba aliishi miaka miwili zaidi. Nilihamia kwake, tukawa tunaandikiana kwenye daftari la shule, yeye upande huu wa meza, mimi ule. Mengi ni ya sukari, dawa na mvua. Ninalo bado. Kurasa za mwisho hazijaandikwa kitu.