Nywele za Mama Zilipoota Tena

Harufu ya ndimu ndiyo iliyotawala nyumba yetu ya Rukanga mwaka ule. Mama aliishika ndimu mkononi mchana kutwa na kuinusa kila sufuria ilipochemka, maana tangu aanze kutiwa dawa za kansa hakuweza kuvumilia harufu ya chakula. Kansa ilikuwa imeanzia kwenye titi, sasa ilikuwa imefika kwenye ini. Kila baada ya wiki chache Baba alimpeleka Voi, wakapanda basi la kwenda hospitali Mombasa, na akirudi alilala ameugeukia ukuta. Akina mama wa kanisa walimletea kimanga, yaani muhogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja. Kwa kuwa ni aibu kumrudishia mtu bakuli lenye chakula chake, nilikula mimi. Waliona bakuli tupu, wakafurahi kwamba mgonjwa anakula. Nilinenepa kwa ugonjwa wa mama yangu.

Nywele zilimtoka zote. Nami, mtoto wa darasa la nne, nikajiambia kwamba zikiota tu, amepona. Kumbe si mimi peke yangu. Siku moja kilemba kilimteleza, nywele changa zikaonekana, na jirani yetu Mama Mkawasi akapiga kigelegele pale pale mlangoni. "Mungu ni mwema! Wacha niite wengine!" Kabla ya jioni ua ulijaa nyimbo za shukrani.

Nilikimbilia kitandani kumkumbatia. Mama akaninong'oneza, "Zimeota kwa sababu nimeachishwa dawa, mwanangu. Dawa imeshindwa na hili ini." Nilitaka kutoka niwanyamazishe. Akanishika mkono. "Wacha waimbe. Wamechoka kunililia." Tukazisikiliza nyimbo zote, yeye na ndimu yake, mimi na mkono wangu ndani ya wake. Niliwachukia wote. Tulimzika kabla mahindi hayajakauka shambani.

Sasa naishi Voi, na siku hizi kansa hutajwa waziwazi. Kanisani tuna kikundi cha maombi kwenye simu. Juzi ilitumwa picha ya dada mmoja anayeugua kama Mama, chini yake imeandikwa, "Nywele zimerudi, tumshukuru Mungu!" Amina zikamiminika. Nilinunua ndimu sokoni nikaenda kukaa naye, na wageni walipotoka nikamwuliza lile ambalo hakuna aliyemwuliza mama yangu: "Bado unatiwa dawa?" Akatikisa kichwa, akanyoosha mkono, nikampa ndimu.