Mke Wangu Alinikalia Eda Nikiwa Hai

Mke wangu alinikalia eda siku mia na thelathini, na mimi nakula na kunywa humo humo ndani.

Cheka tu, hayajakukuta.

Kazi yangu ni kutembeza watalii mji mkongwe wa Ghadames, huku Libya. Wenyewe tulishahamia nyumba mpya zamani. Kule zimebaki kuta, vichochoro vya giza na nyumba ya marehemu bibi, ambayo huwafungulia wageni.

Ndani kuna kubba, kichumba cha shughuli mbili. Mwanamke hukaa humo siku ya harusi yake na siku akifiwa na mumewe. Basi.

Nikamwambia Mabruka avae nguo za harusi akae humo, wageni wapige picha.

"Una wazimu, Bubakar? Mara ya kwanza nilishaingia. Ya pili unaijua?"

"Acha ushamba, mama Salma. Dakika tano tu."

Akaingia.

Picha hazijaisha, tukasikia nyayo juu. Nyingi, taratibu, zikitoka paa hadi paa. Mapaa ndiyo njia ya wanawake tangu enzi za mababu, ila siku hizi hapiti mtu.

Nikapanda mbio. Vumbi tupu, halina hata alama.

Niliposhuka, Mabruka alikuwa amejifunika uso.

Tangu hapo hakuitikia salamu yangu. Akavua dhahabu, akahamia chumba cha binti yetu. Nikiingia anajifunika kama mimi ni mwanamume wa kando.

"Marehemu, hujambo?" majirani wakanitania.

Siku tatu nilicheka. Ya nne nikalia. Ikafika mahali kila asubuhi najishika kifua kuona kama moyo bado unapiga.

Siku ya mia na thelathini akaoga, akatoka, akanitazama usoni.

"Wale wa juu walikuja kunipa pole," akasema. "Walikutaja jina. Nikajua kifo chako kimeshatangazwa, umebaki wewe tu kufa."

"Mbona hukuniambia?"

"Kila siku walikuwa wananichungulia kama nakaa eda. Ningekujibu neno moja, wangejua bado uko hai, wakufuate. Jana wameniaga."

Nikakaa chini.

"Sasa mimi mjane," akasema. "Ukinitaka, nenda kwa kaka ukanipose."

Nilikwenda siku hiyo hiyo. Mahari aliyotaka Mabruka ni kubba ifungwe, asiingie mgeni tena.

Ndugu zangu mnaokula kwa mali ya wazee, si kila mlango ni wa kufungulia wageni. Mimi nilidhani mke wangu amerukwa na akili. Kumbe miezi yote ile alikuwa amebeba kifo changu peke yake, hana hata wa kumwambia.