Nilipata kibali cha elk Kentucky, nikamfuata peke yangu

Wakuu, amani ya Bwana iwe nanyi.

Mimi ni mzee wa kanisa. Haya ninayoandika nimeshayaungama kwa Mungu, kwa hiyo sina sababu ya kuyapamba mbele yenu.

Ilikuwa 2015, nikiishi Louisville, Kentucky, huku Marekani. Sisi ni Warundi tuliokulia kambi ya wakimbizi Kigoma. Mungu alitutoa huko, akanipa kazi ya ghala na nyumba yenye joto. Sina ninachomdai.

Mashariki ya Kentucky kuna mnyama anaitwa elk. Mfikirie kulungu, ila jike lake tu ni zito kuliko punda. Kibali cha kumwinda hutoka kwa bahati nasibu, na kuna watu huomba miaka na miaka.

Mimi nilipata mara ya pili kuomba. Msimu wa mwanzo, Septemba, kwa upinde.

Barua ilisema "cow elk", yaani jike. Nilimsomea kwenye simu binti yangu Neema, aliyeolewa mji wa Buffalo, New York. Akacheka sana.

"Dad, wamekupa ng'ombe!"

Neema alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza baada ya kungoja miaka saba. Mwisho wa Septemba kanisa lao la mtaa wa East Side lingembariki mtoto huyo. Nikaahidi kwamba nyama ya siku hiyo italetwa na mimi.

Sasa, kwa asiyejua mila yetu: Mrundi akipewa ng'ombe hamfuati peke yake. Majirani huandamana naye, na mmoja husimama kumsifu ng'ombe kwa majina mazuri.

Msifu wetu kambini alikuwa Yohana, jirani yangu wa mlango kwa mlango. Tulipohamishiwa Marekani, yeye aliletwa Columbus, Ohio. Nikampigia kumpa habari.

"Ng'ombe hafuatwi na mtu mmoja, mzee mwenzangu."

"Huyu ni wa porini, Yohana."

"Ana miguu minne?"

"Anayo."

"Basi ni ng'ombe. Nakuja na shemeji zangu wawili, tuna pikapu na friza. Ila ningoje wiki moja, nipate likizo."

Nilikataa, wakuu.

Nilikuwa nimepanga tangu Mei. Nilichora ramani kwa mkono, nikafanya mazoezi ya upinde kila nikitoka shifti, nikajua upepo wa asubuhi unatelemka na wa mchana unapanda. Mpango ule niliupenda kama mtoto wangu. Na moyoni nilitaka isemwe kwamba babu alimleta mwenyewe.

Nikamwambia, "Wewe una mdomo, Yohana. Utawakimbiza wanyama wote."

Akajibu, "Haya, mzee. Mungu akutangulie."

Na kweli Mungu alinitangulia. Siku ya pili, jua likichomoza, jike alisimama hatua ishirini kutoka kwangu. Mshale mmoja. Nilipiga magoti nikashukuru.

Nilipoinuka nikamtazama vizuri, nikaogopa.

Mpango wangu ulijua upepo, ila haukujua uzito. Gari lilikuwa chini ya mlima, mwendo wa saa nzima. Nilikuwa na kisu, mkoba wa mgongoni na masanduku mawili ya barafu. Septemba ya kule bado ni joto la kukausha nguo.

Nilibeba paja la kwanza. Nikarudi. Nilibeba la pili. Niliporudi mara ya tatu, nzi walikuwa wamenitangulia.

Nilinusa. Kwa mtu aliyewahi kupanga foleni ya maharage ya mgao, harufu ile ni hukumu. Zaidi ya nusu ya mnyama wa Mungu iliozea pale, nami nimekaa kando yake nikiomba msamaha.

Safari ya kwenda Buffalo hupita Columbus. Sikusimama. Niliona aibu, nikaongeza mwendo.

Kumbe Yohana alishapanda basi kuja kwenye baraka ya mtoto. Nilimkuta mlangoni kwa Neema, kavaa suti, karatasi mkononi.

"Ng'ombe wetu yuko wapi, mzee? Nimemtungia majina. Shemeji zangu wamenicheka wiki nzima!"

Nikamwonyesha masanduku mawili. Nikamweleza yote, bila kuficha.

Hakunilaumu. Alikunja karatasi mara mbili, akairudisha mfukoni. "Ng'ombe husifiwa akiwa mzima, si vipande," akasema, akaingia kusaidia kupanga viti.

Nyama ilipikwa na wali mwingi, kila mtu akapata kipande. Mjukuu akabarikiwa. Nashukuru. Lakini sifa zile hazikusomwa, na sijazisikia hadi leo.

Nimejifunza hili: siku ile niliwahesabu watu kama kelele, kumbe walikuwa mikono. Baraka ikiwa kubwa kuliko mgongo wako, jua haukupewa peke yako.

Kila mwaka naomba kibali tena, na sijapata. Yohana tunasalimiana vizuri, ila hajanitania tangu siku ile.

Nyie mliowahi kumzuia rafiki asije, mlimrudia kwa maneno gani? Niandikieni hapa. Nitasoma yote, taratibu.